Trelby kwa skripti ya Kiswahili: miezi minane, kurasa 94, laptopu ya zamani

Nianze na yule prodyuza wa kwanza maana bila yeye hata nisingeitafuta hii Trelby, programu ya kuandikia skripti za filamu. Nilimpelekea skripti yangu, hadithi ya dereva wa lori anayetoka Mombasa, anaingilia Malaba, anakatiza Uganda mpaka Elegu ili avuke kwenda Juba, nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu hicho ndo kinachoongewa na madereva pale mpakani, mi nimekulia Tororo nawasikia tangu niko mdogo, dereva wa lori akiongea Kiingereza kwenye skripti yangu mimi mwenyewe simwamini. Tulikaa pale karibu na National Theatre hapa Kampala, akaifungua kwenye simu, akateremsha kurasa kwa kidole mara tatu nne hivi alafu akanirudishia. "Ndugu yangu hii ni insha, siwezi kuipigia hesabu." Hakusoma hata sini moja, yaani tukio moja la hadithi. Niliumia sana, miaka miwili ya kazi mtu anaipitishia kidole tu, lakini nilipofika nyumbani nikatulia nikaona hakunitukana, alikuwa ananiambia kitu cha kweli.

Skripti ina umbo lake na lile umbo lina kazi. Fonti ni Courier saizi 12, kila herufi ina upana uleule, herufi 10 zinaingia kwenye inchi moja, na kwenda chini ni mistari 6 kwa inchi. Pambizo la kushoto ni inchi moja na nusu ili ukitoboa na kufunga karatasi maneno yasimezwe, pande nyingine ni inchi moja hivi. Maneno anayosema mhusika yanakaa kwenye safu nyembamba inayoanza inchi mbili na nusu toka ukingo wa karatasi, na jina lake liko juu kwa herufi kubwa, limesogea ndani zaidi. Ukifuata hayo yote ukurasa mmoja unakaribia dakika moja ya filamu. Hapo ndo hesabu za prodyuza zinapotoka, kurasa 90 ni saa moja na nusu, sini ya nusu ukurasa anajua itakula muda gani wa kushuti, mwenye boda anayetokea kwenye kurasa mbili tu anajua atamwita siku ngapi. Sasa mimi nilikuwa nimeandika kwa Word, Times New Roman, majina nimeyasukuma katikati kwa kupiga spesi spesi spesi, maelezo na mazungumzo yote yamejaza karatasi toka ukingo huu mpaka ule. Kurasa zangu 61 hazikuwa zinamwambia chochote kuhusu muda wala pesa.

Sisemi Word haiwezi, inaweza, ukijua kutengeneza staili moja moja kwa kila kipande na kuziwekea vitufe. Ila wengi wetu hatufanyi hivyo, tunapiga spesi, alafu faili likifunguliwa kwenye mashine nyingine kila kitu kinahama na wewe ndo unaonekana huna mpangilio.

Basi nikaanza kutafuta. Kila mtu anakutajia Final Draft kwanza, ndo iliyozoeleka Hollywood na faili zake za FDX ndo zinaombwa sana, sina ubaya nayo lakini bei yake ni kuanzia dola 200 hivi na hizo kwetu ni kama laki saba na zaidi, mi kwa laki saba nalipa nyumba. Fade In ni dola 80 hivi, unalipa mara moja basi, nilijaribu lile toleo la majaribio na nakwambia ni programu safi sana, siku nikipata pesa nitainunua. Celtx wengi waliianza ile ya kompyuta iliyokuwa bure, hiyo haiendelezwi tena, sasa ni ya mtandaoni na ya kulipia kila mwezi. WriterDuet ni nzuri kama mnaandika wawili, ya bure inakupa skripti tatu, ila inataka uwe na intaneti na bando langu mi linaisha Jumatano. Na hapo sijagusa habari ya kadi ya benki, hela zangu ziko kwenye mobile money na kulipia kitu cha nje kwa njia hiyo unazunguka sana.

Ndo nikafika kwa Trelby. Ni bure kabisa, msimbo wake uko wazi, inakaa ndani ya kompyuta yako, haiulizi intaneti, haiulizi akaunti, haiulizi barua pepe. Ipo ya Windows na ya Linux. Laptopu yangu ni ya mitumba, betri imekufa, inafanya kazi ikiwa imechomekwa tu, na kwenye mashine hiyohiyo Trelby inafunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Ukiifungua unakuta karatasi nyeupe na fonti ya Courier, hakuna mapambo. Wengine watasema inaonekana ya kizamani, ni kweli inaonekana hivyo, mi sura hiyo haikunisumbua hata siku moja.

Kuandika kwenyewe ndo kunanifurahisha mpaka leo. Unaandika kichwa cha sini, unabonyeza Enta, tayari uko kwenye maelezo ya kinachotokea. Ukitaka mtu aongee unabonyeza Tab, kile kimstari cha kuandikia kinaruka chenyewe mpaka sehemu ya jina, unaandika herufi ya kwanza ya jina inakuletea majina uliyokwisha kutumia, unachagua, Enta, uko kwenye mazungumzo. Huhesabu spesi, huvuti rula, hushiki mausi. Wiki ya kwanza vidole vilikuwa vinapotea, wiki ya pili vikazoea, na kuanzia hapo nikawa nawaza dereva wangu amekwama foleni Malaba na siwazi tena jina lake likae wapi kwenye karatasi. Kile kitu cha kukuletea majina kinasaidia kuliko unavyodhani, maana kwenye ile skripti ya Word nilikuwa na MAMA REHEMA, MAMA WA REHEMA na MAMA REHEMAH, mtu mmoja, majina matatu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote, yaani Kiswahili. Programu karibu zote hizi zimetengenezwa kwa Kiingereza na zinategemea sini ianze na INT. au EXT., zikiona hizo herufi zinajua ni kichwa cha sini. Mi naandika NDANI na NJE. Kwenye programu nyingine niliyojaribu kila nikiandika NJE. MALABA inakiona ni mstari wa kawaida na inakataa kukihesabu, narudi kurekebisha kila mara mpaka nachoka. Trelby haijali uandike neno gani, wewe ndo unaiambia huu mstari ni kichwa cha sini kwa Alt na S, na inakuamini. Zaidi ya hapo ina sehemu ya kuweka maneno inayokukamilishia, nikaweka NDANI. na NJE. na nyakati zangu zote, ALFAJIRI, ASUBUHI, MCHANA, JIONI, USIKU, sasa naandika herufi mbili inamalizia.

Kuna na yale maneno yanayojitokeza yenyewe, mhusika akiwa anaongea na ukurasa ukaisha programu inaandika chini MORE, na ukurasa unaofuata inarudia jina lake na kuonyesha anaendelea. Kwenye skripti ya Kiswahili hilo neno la Kiingereza linakaa kama kokoto kwenye wali. Trelby ina mahali ndani ya mipangilio ya skripti unabadilisha maneno hayo, nikaweka INAENDELEA kwenye mabano, na sasa skripti yangu toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho ni Kiswahili tupu. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikaa naiangalia tu. Miaka hii serikali inasema Kiswahili kifundishwe mashuleni, baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022, watoto wetu watakuja kukisoma, na wakija kutafuta skripti ya Kiswahili iliyoandikwa Uganda nataka waikute imevaa vizuri.

Ila nikupe ushauri wangu hapa maana nimeshalipia ada ya kujifunza. Kama skripti inakwenda kwa waigizaji, weka NDANI na NJE. Kama inakwenda kwa mtu wa kupanga ratiba ya kushuti, na anatumia programu ya kuvunja skripti vipande vipande, mtolee nakala yenye INT. na EXT., kwa sababu mashine yake inatafuta hizo herufi. Trelby ina kutafuta na kubadilisha, ni kazi ya dakika moja, unahifadhi faili la pili kwa jina lingine na unatoa FDX. Usimlazimishe mtu wa ratiba apigane na lugha yako saa nne usiku.

Na saa pia, angalia saa! Niliandika kwenye maelezo kwamba lori linafika saa moja, msomaji wangu mmoja aliyezoea Kiingereza akadhani ni saa saba mchana, wakati Waganda na Waswahili wote wawili tunajua saa moja jua ndo linachomoza. Siku hizi naandika saa moja asubuhi, na kwenye kichwa cha sini naweka ASUBUHI, mtu wa kamera hana la kuuliza.

Kitu kingine hakuna aliyeniambia, ni urefu wa maneno yetu. Safu ya mazungumzo inachukua herufi kama 35 kwa mstari. Kwa Kiingereza hapo yanaingia maneno saba. Kwetu neno moja kama waliotusubirisha lina herufi 16, karibu nusu ya mstari limeshakula, linalofuata halitoshi linashuka chini, kwa hiyo mazungumzo ya Kiswahili yanarefuka kwenda chini na ukingo wa kulia unakuwa na mapengo. Mwanzoni niliogopa kwamba ile hesabu ya ukurasa kwa dakika itanidanganya. Nikachukua kurasa 10 za katikati, tukakaa watu watatu tukasoma kwa sauti na saa ya simu inahesabu, tukisubiri hata pale ambapo hakuna anayeongea, ikaja dakika 11 kasoro. Nikatulia. Umbo linafanya kazi na kwa Kiswahili pia, lakini lilinifundisha kitu, ukiona mtu wako amejaza mistari tisa ya safu ile nyembamba ujue anahutubia, na madereva hawahutubii. Nilikata sana. Zile kurasa 61 za Word zilipoingia kwenye umbo sahihi zilikuwa 118, na baada ya kukata zimebaki 94.

Habari ya lugha mbili sasa, maana skripti ya Uganda ikiwa na lugha moja tu ujue kuna mtu anadanganya. Dereva wangu anaongea Kiswahili, mwenye kafunda, kile kibaa kidogo cha mtaani, anamjibu Kiganda, askari anaingia na Kiingereza chake. Kwenye hili Trelby inanibana. Haikuruhusu kulaza neno moja (italiki) au kulikoza (bold) katikati ya mstari, ukichagua herufi za kulala basi ni kwa kipande chote cha aina hiyo, mazungumzo yote au maelezo yote. Ningependa Kiganda kilale na Kiswahili kisimame, haiwezekani. Nikaamua naweka mabano chini ya jina, kwa Kiganda, mara ya kwanza tu mtu anapobadilisha lugha kwenye sini, na akirudi naandika tena. Nilipojaribu kuweka kwa kila mstari ilikuwa kelele, msomaji anachoka. Na kama unaandika Kiganda chenyewe, lile toleo la zamani la 2.2 la mwaka 2012 halitambui herufi ŋ, mi naandika ng' na waigizaji wanaelewa. Ukaguzi wa tahajia nao ni wa Kiingereza, ukiuwasha kila neno lako la Kiswahili ni kosa, sasa mi siugusi, namwomba dada yangu mwalimu anisomee.

Nirudi kwa karatasi. Jamani karatasi! Vipimo vyote unavyosoma mtandaoni ni vya karatasi ya Marekani, ile wanaita Letter, urefu wake milimita 279. Sisi hapa tunatumia A4, milimita 297. Tofauti ni milimita 18, kwa Courier hiyo ni mistari minne hivi kila ukurasa, na kwenye skripti ya kurasa 90 mistari minne minne inageuka kurasa sita na zaidi. Mi sikujua. Nilitoa PDF ikiwa Letter, nikaibeba kwenye fleshi mpaka Wandegeya kwenye maduka ya kuchapa, kijana wa duka akaona karatasi hazilingani akabonyeza itoshee ukurasa, ikatoka imebanwa, herufi zimepungua kidogo, pambizo si zile nilizoweka, na nilikuwa nimeshalipa kwa nakala nne. Kijana hana kosa, yeye alitaka kunisaidia. Kwa hiyo kabla hujaandika hata neno moja, ingia kwenye mipangilio ya skripti, chagua A4, na ukifika dukani mwambie achape kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, asitoshee chochote. Ukiwa unaituma Marekani, kwenye maabara zao za waandishi wa skripti au mashindano yao, badilisha iwe Letter kabla ya kutoa PDF, kurasa zitaongezeka, usishtuke.

Kabla ya kutoa PDF Trelby inakagua pia, ukiwa umeacha jina la mhusika halafu hasemi kitu, au kipande kitupu, inakuonya kwamba kuna makosa na unaweza kuyatafuta moja moja. Mara ya kwanza niliyakuta mengi sana, mengi ni majina yaliyobaki peke yake chini ya ukurasa nilipofuta mazungumzo. Hayo mambo msomaji akiyakuta anaona umefanya kazi kwa haraka.

Na zile ripoti. Sikuzitegemea kabisa, lakini kuna ripoti ya wahusika, ya maeneo, ya sini, na kuna chati inakuonyesha nani anaongea kwenye kurasa zipi. Nikaitoa ya skripti yangu na nikaona Mama Rehema, ambaye kichwani mwangu ndo moyo wa hadithi, anaongea mwanzoni alafu anapotea kurasa 40 nzima. Nilikuwa nimeisoma ile skripti mara nyingi mno na sikuwahi kuliona. Niliandika sini mbili mpya kwa ajili yake, moja kwenye simu, na ya simu ndo sini ninayoipenda kuliko zote. Ya maeneo nayo ilinionyesha nina sehemu 31 za kushutia, kwa filamu ya bajeti ya kwetu hiyo ni mzigo, nikaunganisha zikafika 19. Kafunda ikawa kafunda moja.

Sasa shida yangu kubwa na Trelby ni kwamba haipo kwenye simu. Mi hadithi zangu zinakuja nikiwa kwenye taksi, jioni toka mjini kwenda Kireka foleni inaweza kukulaza, na laptopu huwezi kuifungua pale. Kilichonisaidia ni Fountain, na hii watu wengi hawaijui kwa hiyo nikae nayo kidogo. Fountain si programu, ni namna ya kuandika skripti kwa maandishi ya kawaida tu, kina John August na Stu Maschwitz waliitoa mwaka 2012. Jina la mhusika unaliandika kwa herufi kubwa kwenye mstari wake, chini yake anachosema, unaacha mstari mtupu kabla ya kipande kingine, basi. Unaweza kuiandika popote, hata kwenye ujumbe unaojitumia mwenyewe WhatsApp, mi nimefanya hivyo mara nyingi. Nayo inasubiri INT. na EXT., lakini imewekewa mlango: ukianza mstari na nukta, inauchukua kuwa kichwa cha sini, chochote utakachoandika. Kwa hiyo kwenye simu naandika hivi:

.NJE. MALABA, FOLENI YA MALORI - ALFAJIRI

Sande amelala juu ya usukani. Mtu anagonga mlango.

MAMA REHEMA
Chai ya jana au ya leo?

SANDE
(macho bado yamefumba)
Iliyo moto.

Hiyo ni skripti tayari. Kwa Android kuna DubScript inayosoma Fountain na kukuonyesha ukurasa ulivyo na kutoa PDF, naitumia nikitaka kuona umbo. Jioni nikifika nahamisha maandishi kwenye laptopu na Trelby inayachukua, alafu napitia sini moja moja kuhakikisha kila kichwa kimekaa mahali pake, usiamini tu. Maneno yenye ng' na majina yenye apostrofi yanaingia bila shida. Kama huna laptopu kabisa, nakwambia kwa dhati unaweza kumaliza skripti nzima kwa simu namna hii, nina kijana namfahamu Jinja anaandika hivyo na kurasa zake ni safi kuliko zangu za mwanzo.

Mengine niyapitie haraka. Kama mko kwenye utengenezaji mkubwa wanaotaka kurasa zifungwe namba na marekebisho yatoke kwa karatasi za rangi, Trelby haina hayo, hapo Final Draft au Fade In ndo kazi yake, na kampuni ndo inunue. Kuandika wawili kwa wakati mmoja haina. Mac haina la kupakua likakaa sawa, wenye Mac watafute Beat, ni bure na inatumia hiyohiyo Fountain. Trelby ilikaa miaka mingi bila kuguswa, miaka ya karibuni watu wamerudi kuifanyia kazi, kwa hiyo ukipakua chukua toleo jipya, yale ya zamani yanazunguka bado. Na stima ikienda kazi usiyohifadhi inakwenda nayo, kwangu bila betri ni sekunde moja tu, nimezoesha kidole Ctrl na S kila mhusika anapomaliza kuongea. Nakala ya pili najitumia kwa barua pepe kila Jumapili.

Ukiniuliza nani aichukue, mi nasema mtu yeyote anayeandika skripti yake ya kwanza ya pili na ya tatu hapa Uganda, na hasa anayeandika Kiswahili au lugha ya nyumbani, kwa sababu ndo programu pekee niliyoijaribu ambayo haikunifanya nijisikie nimekosea kwa kuandika NJE. Nyota naipa 4 kati ya 5, hiyo moja nimeishika kwa sababu ya herufi za kulala na kutokuwepo kwenye simu.

Yule prodyuza nilimtumia tena mwezi uliopita, PDF, A4, kurasa 94. Alikaa kimya siku sita, mi nikajua basi. Siku ya saba akanipigia usiku, hakusalimia, akaniuliza kama ile sini ya ukurasa wa 57 foleni ya malori inaweza kushutiwa na malori matano badala ya yale ishirini niliyoandika. Nikamwambia inaweza, tukianza na taa tu kwenye ukungu na sauti za injini. Jumamosi tunaisoma mezani na waigizaji sita, kesho asubuhi nashuka Wandegeya kuchapa nakala, asilimia 100.